Nyama ya mgongo wa nguruwe iliyojazwa na kuokwa Kitaliano, na peperonata (pilipili hoho zilizopikwa na nyanya) ya kando

Nyama ya mgongo wa nguruwe ni laini, ina ladha ya upole, na ndani yake karibu haina mafuta. Ndiyo maana hukauka upesi, na ndiyo maana wapishi wa Italia huipenda ikiwa imejazwa. Mjazo huipa kile isichokuwa nacho: mafuta ya nyama iliyotiwa chumvi, unyevu kidogo wa mboga, ukali wa jibini, harufu ya majani na mbegu. Lakini hakuna mjazo unaoweza kuokoa nyama iliyopitiliza motoni. Mambo matatu ndiyo yanayoamua chakula hiki: nyama ifunguliwe kwa unene ule ule kila mahali, mjazo uwe mkavu, na mkunjo utolewe kwenye oveni kwa kufuata joto la katikati yake, wala si dakika zilizoandikwa mahali. Mengine yote yana marekebisho.

Mama wa vyakula vya namna hii ni porchetta ya Italia ya kati: nguruwe mzima hutolewa mifupa, hutiwa chumvi na viungo kwa ndani, hufungwa kwa kamba na kuokwa kwa saa nyingi mpaka ngozi ikakamae. Ile ya Ariccia, mji ulio kwenye vilima vya kusini mashariki mwa Roma, jina lake linalindwa na Umoja wa Ulaya tangu 2011, na viungo vyake ni rozimari, kitunguu saumu na pilipili manga. Ukipanda kuelekea Umbria na Marche utakuta shamari-mwitu imechukua nafasi ya mbele. Toscana nao wana arista, kipande cha mgongo kinachookwa na rozimari na kitunguu saumu bila mbwembwe nyingi. Mapishi haya ya nyumbani yanachukua kipande cha arista, yanakikunja kwa ufundi wa porchetta, na kuongeza mboga za majani katikati.

Kipande cha kununua

Omba kilo 1.8 ya nyama ya mgongo isiyo na mfupa, kutoka katikati ya mgongo, kipande kimoja kizima chenye urefu wa sentimita 25 hadi 30. Upande mmoja kibaki na tabaka la mafuta la milimita 5 hivi. Wauzaji wengi hulikwangua wakidhani wanakufanyia hisani, kwa hiyo mwambie muuzaji mapema alibakize. Usichanganye kipande hiki na sarara, ule msuli mwembamba mrefu unaokaa chini ya uti wa mgongo. Huo ni mdogo mno kwa kazi hii na utakuwa umekauka kabla mjazo haujapata moto.

Tazama rangi. Nyama nzuri ni ya waridi iliyokolea kidogo na imara ukiibonyeza. Iliyopauka, laini kama imelegea, na iliyokaa ndani ya maji yake, itaendelea kutoa maji hayo ndani ya oveni hata ukiipika kwa uangalifu wote. Kama imefungwa kiwandani, soma lebo: ikiwa imedungwa maji ya chumvi, punguza chumvi ya hapa chini kwa nusu au zaidi.

Anayepika kwa mara ya kwanza, au asiye na kipimajoto, ninamshauri kwa dhati achukue nyama ya shingo badala ya mgongo. Waitaliano huiita coppa. Ina mishipa ya mafuta katikati ya nyama na inavumilia moto kupita kiasi. Haitoi duara safi la kupendeza kama mgongo, lakini inasamehe.

Mahitaji, watu 8

Nyama:
- nyama ya mgongo, kilo 1.8
- chumvi laini, gramu 22 (karibu vijiko vidogo 4 vilivyosawazishwa)
- pilipili manga iliyosagwa wakati huo huo, vijiko vidogo 2
- mbegu za shamari, kijiko kikubwa 1
- mafuta ya zeituni, vijiko vikubwa 2
- divai nyeupe kavu, mililita 200
- supu ya kuku au ya mifupa isiyo na chumvi, mililita 300
- kitunguu maji 1 na karoti 1, vipande vikubwa
- uzi wa pamba wa jikoni, mita 4

Mjazo:
- spinachi mbichi, gramu 500
- pancetta, gramu 100, iliyokatwa vipande vidogo sana
- kitunguu saumu, punje 4
- majani ya rozimari yaliyokatwakatwa, kijiko kikubwa 1 na nusu
- chenga za mkate mkavu, gramu 60
- jibini la pecorino lililoparuzwa, gramu 60
- ganda la limau 1 lililoparuzwa, sehemu ya njano tu
- kungumanga kidogo

Pancetta ni nyama ya tumbo la nguruwe iliyokaushwa kwa chumvi bila kutiwa moshi. Bekoni isiyo ya moshi inafaa badala yake. Ya moshi itafunika harufu ya shamari, nayo ndiyo roho ya chakula hiki. Pecorino ni jibini la maziwa ya kondoo, kali na lenye chumvi. Ukilikosa, parmigiano inatosha. Mbegu za shamari zina umbo la bizari nyembamba lakini ni za kijani zaidi na harufu yake ni tamu. Zikaange kavu dakika 1 mpaka zinukie, kisha uzitwange nusunusu tu.

Angalia kwamba hakuna yai bichi wala soseji mbichi ndani ya mjazo huu. Ni kwa makusudi. Nyama mbichi ya kusaga na yai vinadai joto kubwa katikati, na mpaka joto hilo lifike, nyama ya nje imeshakuwa kama ubao. Ukipenda soseji, ikaange iive kabisa kwanza.

Kuifungua nyama

Hapa ndipo penye kazi, na ni kazi ya mkono usio na haraka. Kisu kiwe kirefu, chembamba na kikali. Weka kitambaa kibichi chini ya ubao usiteleze.

Laza nyama ubaoni, upande wa mafuta ukiwa chini na urefu wake ukiwa umelala mbele yako. Ingiza kisu kwa ubavuni, sentimita 1.5 juu ya ubao, ukikate sambamba na ubao kwa urefu wote wa kipande. Usikate kwa nguvu mara moja. Pitisha kisu kwa mapigo marefu mepesi, huku mkono wa pili ukiinua na kuviringisha ile nyama ya juu kuiondoa mbele ya kisu. Kila unapokata sentimita moja, nyama inafunguka kidogo, kama mkeka unaokunjuliwa. Endelea hivyo hivyo, ukilinda unene ule wa sentimita 1.5, mpaka ibaki shiti moja. Utapata kitu chenye upana wa sentimita 40 hivi, na mafuta yatakuwa chini, kwenye ile sehemu uliyoanza nayo.

Ukitoboa tundu, usijali. Kata kijipande kutoka pembeni, kiweke juu ya tundu, na chumvi itakishikisha. Sehemu zilizobaki nene zifunike kwa plastiki na uzipige kwa mti wa kusukumia chapati hadi zilingane na nyingine. Usipige kwa nyundo yenye meno: inachana nyuzi na maji yote yatapata njia ya kutokea.

Kwa nini usumbuke hivi badala ya kutoboa mfuko katikati na kuujaza? Kwa sababu mfuko huweka mjazo wote mahali pamoja, na nyama nene inayouzunguka inabaki na ladha ya nyama tupu. Mkunjo wa mzunguko unafikisha chumvi na viungo kila tabaka. Tena nyuzi za nyama ya mgongo zinaelekea kwa urefu wa kipande, kwa hiyo ukija kukata vipande vya duara unazikata kwa kupinga, na ndicho kinachofanya kila tonge kuwa laini mdomoni.

Chumvi, usiku wa kuamkia

Theluthi mbili za chumvi, pilipili manga na shamari yote vinyunyize ndani ya shiti, sawasawa mpaka kwenye kingo. Theluthi ya chumvi iliyobaki sugua nje, hasa kwenye mafuta. Weka kwenye trei, acha bila kufunika ndani ya friji, tabaka la chini kabisa ili isidondoshee vyakula vingine, kwa saa 12 hadi 24.

Mwanzoni chumvi huvuta maji yatoke nje, nayo maji hayo huiyeyusha. Baadaye maji ya chumvi hurudi ndani na kulegeza protini za nyama, ambazo zikishalegea hivyo hushika maji vizuri zaidi zinapopata moto. Faida ya pili hutajwa mara chache: uso wa ndani unakuwa wa kunata. Ule unataji ndio gundi itakayoshikanisha tabaka za mkunjo. Nyama iliyotiwa chumvi dakika tano kabla ya kukunjwa haina gundi hiyo, na ukiikata inafunguka kama karatasi.

Mjazo wenyewe hauhitaji chumvi. Pancetta na pecorino vimeshabeba ya kutosha.

Mjazo mkavu

Osha spinachi, iweke kwenye sufuria ikiwa na maji yale yaliyoshika majanini tu, funika, moto wa kati, dakika 2 hadi 3 inywee. Mwaga kwenye chujio, iache ipoe kiasi cha kushikika, halafu ikamue. Ikamue tena. Kisha ifunge ndani ya kitambaa safi na uisokote kwa nguvu zako zote. Itabaki chini ya nusu ya uzito wa mwanzo. Ikitoa hata tone unapoifinya ngumini, bado.

Sina njia ya kusisitiza hili vya kutosha. Maji ya spinachi yakibaki, yanageuka mvuke katikati ya mkunjo, mvuke unasukuma tabaka ziachane, mjazo unatokea ncha zote mbili, na nyama ya ndani inachemka badala ya kuokwa. Karibu kila mkunjo uliopasuka una mboga iliyokamuliwa nusu.

Kaanga pancetta bila mafuta kwenye moto mdogo dakika 6, mpaka mafuta yake yatoke na vipande vianze kupata rangi. Ongeza kitunguu saumu kilichokatwa vizuri na rozimari, sekunde 40 tu, visiungue. Ongeza spinachi iliyokatwakatwa, koroga dakika 2 ili unyevu wa mwisho uondoke. Epua, changanya na chenga za mkate, kungumanga na ganda la limau. Subiri ipoe kabisa ndipo utie jibini. Mchanganyiko uwe wa kushikana ukiufinya, lakini usiwe rojo. Ukiwa na unyevu, ongeza kijiko cha chenga. Ukimwagika kama mchanga, ongeza kijiko cha mafuta ya zeituni.

Usijaze nyama kwa mjazo wa moto au wa vuguvugu. Joto hilo ndilo bakteria hulipenda, na nyama mbichi haitakiwi kukaa nalo.

Emilia, kaskazini mwa Italia, kuna namna nyingine inayostahili kujaribiwa siku nyingine: badala ya mchanganyiko huu, wanalaza vipande vyembamba vya mortadella, soseji nene ya nguruwe iliyokwisha kupikwa, juu ya nyama, kisha kimanda chembamba cha mayai na spinachi kilichokwisha kuiva. Hukatika kwa michirizi ya rangi na hakuna kinachomwagika.

Kukunja na kufunga

Kausha uso wa ndani kwa karatasi ya jikoni, usioshe. Tandaza mjazo kwa unene usiozidi milimita 8. Acha sentimita 2 tupu pembeni, na sentimita 4 tupu kwenye mwisho ule wenye mafuta chini yake. Mjazo mwingi si ukarimu: mkunjo hautafungika, na katikati patachelewa kupata moto. Ukibaki, uoke kwenye bakuli dogo.

Anza kukunja kutoka upande usio na mafuta, ukibana kila mzunguko kwa vidole, ili tabaka la mafuta liishie kuwa ganda la nje. Geuza mshono uwe chini.

Funga uzi wa kwanza katikati, wa pili na wa tatu kwenye ncha, kisha ujaze nafasi zilizobaki kila baada ya sentimita 3. Ukianza ncha moja na kwenda moja kwa moja hadi nyingine, mjazo utasukumwa mbele yako na kutokea mwisho. Mwishowe pitisha uzi mmoja kwa urefu, kuzunguka ncha zote mbili. Uzi ubane kiasi cha kukaa, usizame ndani ya nyama, maana nyama itatanuka kidogo kabla ya kunywea. Tumia pamba tupu. Nailoni inayeyuka, na uzi wa kushonea wenye rangi unaacha rangi yake.

Lengo ni mviringo wenye unene ule ule mwanzo hadi mwisho, kipenyo cha sentimita 10 au 11. Kumbuka kwamba kipenyo ndicho kinachoamua muda wa kuiva, zaidi ya uzito. Mkunjo wa kilo 3 uliorefuka lakini wenye kipenyo hicho hicho hauhitaji muda maradufu.

Motoni

Washa oveni nyuzi 160 za Selsiasi, au 145 ikiwa ina feni. Kausha nje ya nyama mara nyingine. Pasha mafuta ya zeituni kwenye kikaango kizito, moto wa kati na zaidi kidogo, na uanze na upande wa mafuta. Geuza kila baada ya dakika 2, pande zote na ncha zote mbili, kama dakika 10 kwa jumla, mpaka iwe ya kahawia ya dhahabu. Uso wenye maji hautapata rangi, kwa sababu moto wote unatumika kukausha maji kwanza.

Mimina divai, acha ichemke dakika 2 huku ukikwangua kikaango. Tandaza kitunguu na karoti kwenye trei yenye kingo, weka nyama juu yake mshono ukiwa chini, mimina ile divai na mililita 100 za supu pembeni, si juu ya nyama. Trei isikauke kamwe: yanayoungua hapo chini ndiyo yatakayofanya mchuzi uwe mchungu. Ongeza supu kidogo kidogo unapoona imeisha. Kitunguu saumu na rozimari usiviweke nje ya nyama, vitaungua mapema mno.

Mkunjo wa kipenyo hiki huchukua dakika 70 hadi 90. Anza kupima dakika ya 50. Chomeka kipimajoto kutoka ubavuni hadi katikati kabisa, pima sehemu tatu, na uamini ile iliyo chini kuliko zote. Toa nyama ikifika nyuzi 66. Nje ya oveni itapanda yenyewe nyuzi 3 hadi 5.

Kuhusu usalama. Mwaka 2011 Wizara ya Kilimo ya Marekani ilishusha kiwango cha vipande vizima vya nguruwe kutoka nyuzi 71 hadi 63, pamoja na dakika 3 za kupumzika. Lakini hicho ni kipande kizima, ambacho bakteria zake zipo juu tu. Hapa tumeshika nyama, tumeikata na kuugeuza uso wa nje uwe wa ndani, ndiyo sababu ninavuka 63 bila kusita. Mwongozo huo huo unataka mjazo ufike nyuzi 74. Ukiwapikia mjamzito, watoto wadogo, wazee au mgonjwa, fuata 74 hiyo na utumie nyama ya shingo, ambayo kwenye joto hilo bado ina maji yake. Rangi ya waridi hafifu karibu na mjazo haimaanishi kuwa nyama ni mbichi, kwani nitriti, chumvi ya kuhifadhia nyama iliyo ndani ya pancetta, nayo huacha waridi. Rangi haipimi joto.

Iweke nyama kwenye ubao, ifunike kwa foili iliyolegea, dakika 20. Foili ikibana, mvuke utalainisha kile ulichokaangia dakika 10. Ukikata mapema, mchuzi wote utabaki kwenye ubao.

Wakati huo chuja maji ya trei, ondoa mafuta ya juu kwa kijiko, ongeza supu iliyobaki na uchemshe mpaka yapungue kwa theluthi. Onja kabla ya kufikiria chumvi. Matone ya limau mwishoni yanatosha.

Peperonata

Nyama hii ina chumvi na mafuta, kwa hiyo kando yake panatakiwa kitu chenye utamu na uchachu. Peperonata inafaa kuliko mboga nyingi, na uzuri wake ni kwamba inapikwa jikoni juu, haigombanii oveni, na ni tamu zaidi ikikaa saa chache au usiku mzima.

Unahitaji kilo 1 ya pilipili hoho nyekundu na za njano, vitunguu maji gramu 300, nyanya zilizoiva gramu 400, mafuta ya zeituni vijiko vikubwa 5, siki ya divai vijiko vikubwa 2, sukari kijiko kidogo 1, chumvi, na majani ya rehani. Hoho za kijani ziache. Zimevunwa kabla ya kuiva, na uchungu wake hauondoki hata zikipikwa saa nzima.

Kata hoho vipande virefu vya upana wa sentimita 1.5, ukitoa mbegu na nyama nyeupe ya ndani. Kata vitunguu vyembamba. Pika vitunguu kwenye mafuta na chumvi kidogo, moto mdogo, dakika 10, vilainike bila kupata rangi. Tia hoho, ongeza moto dakika 5 ukikoroga, kisha funika na upunguze moto, dakika 15. Zitatoa maji yake zenyewe, usiongeze.

Hoho zikishalainika ndipo nyanya zinaingia, zikiwa zimemenywa, zimetolewa mbegu na kukatwakatwa. Mpangilio huu una sababu. Uchachu wa nyanya hukaza ile pektini inayoshikilia ukuta wa hoho, hivyo ukizitia mapema utapika muda mrefu na hoho zitabaki ngumu ndani ya rojo. Sasa pika bila kufunika dakika 15 hadi 20, mpaka maji yaishe na mafuta yaanze kuonekana pembeni ya sufuria. Tia siki na sukari, dakika 2 zaidi, epua. Rehani ichanwe kwa mkono wakati wa kuandaa. Ipeleke mezani ikiwa vuguvugu au imepoa, isiwe ya moto mkali, maana utamu wake unajificha kwenye joto.

Wengine huona ganda la hoho ni zito tumboni. Zichome nzima juu ya moto mpaka ganda liwe jeusi, zifunike kwenye bakuli dakika 15, zimenye, na upunguze muda wa kufunika sufuria uwe dakika 5.

Viazi navyo ukivitaka, viokee kwenye trei yake. Chini ya nyama vinakaa ndani ya divai na supu, na havitapata ugumu wowote wa juu.

Pakiharibika

Ncha zimekauka na katikati bado: mkunjo ulikuwa mnene katikati, au oveni yako ina joto kuliko kitufe kinavyosema. Nunua kipimajoto cha oveni. Tofauti ya nyuzi 20 si ajabu.

Nyama imefika 66 lakini nje ni ya kijivu: pandisha oveni hadi 230 na uirudishe dakika 6 hadi 8 baada ya kupumzika, siyo kabla. Ukifanya kabla, joto la katikati litaendelea kukimbia.

Imepita 75 na ni kavu: ikate vyembamba, milimita 4 au 5, iloweke kwenye mchuzi wa moto usiochemka dakika 5, na uilaze juu ya peperonata. Haitakuwa ile uliyoikusudia lakini italika vizuri.

Chumvi imezidi: usiongeze mchuzi uliopunguzwa, kwa sababu nao umekolea. Tumia supu tupu yenye limau.

Kukata na kuhifadhi

Toa uzi sekunde ya mwisho, baada ya kupumzika. Kisu kirefu, mapigo ya kuvuta badala ya kubonyeza, vipande vya sentimita 1. Ukibonyeza, mjazo unatoka. Kile kipande cha kwanza cha pembeni, chenye rangi nyingi na mjazo kidogo, ni cha mpishi.

Iliyobaki iingie friji ndani ya saa 2, ikiwa nzima na si vipande. Kesho yake, ikiwa baridi, inakatika kwa milimita 3 bila kumwaga chochote, na ndani ya mkate wenye ganda gumu, pamoja na kijiko cha peperonata baridi, wapo wanaoipenda kuliko ya jana. Imalize ndani ya siku 3 au 4. Kuipasha, tumia kikaango kilichofunikwa, mchuzi kidogo, moto mdogo kabisa. Oveni itakausha kile ulichokilinda jana.